Siku Zetu Zinahesabiwa, Zao Hazihesabiwi

Kila notisi ya kukunyima mafao ya kukosa ajira hapa Marekani hubeba tarehe ya mwisho ya kukata rufaa. Texas na Wisconsin ni siku 14. Ohio ni 21. Michigan na California ni 30. Kwa kawaida siku hizo huanza kuhesabiwa tangu barua ilipotumwa, si tangu ilipokufikia. Ikikwama posta, ikienda kwenye nyumba uliyohama, au ikilala kwenye akaunti ya mtandaoni ambayo hakuna aliyekwambia uwe unaifungua, siku zako zinaliwa tu. Ukipitisha tarehe, uamuzi unakuwa wa mwisho, na ukitaka kusikilizwa itabidi kwanza uthibitishe kwamba ulikuwa na sababu ya msingi ya kuchelewa.

Sasa chukua barua hiyo hiyo utafute tarehe ambayo ofisi yenyewe inatakiwa iwe imekujibu. Mimi sijawahi kuiona. Nimezisoma barua hizi kwa miaka kadhaa, kwanza zangu, kisha za majirani na waumini wenzangu wanaozungumza Kiswahili, na hili linaniuma kuliko makosa yenyewe. Makosa ya kompyuta yanasahihishika. Lakini mtu aliyesubirishwa mpaka akatolewa kwenye nyumba aliyopanga, hata akishinda rufaa, nyumba hairudi.

Mimi nilikuwa nafanya kazi ya usafi wa vyumba hotelini, katika jimbo moja la katikati ya nchi. Korona ilipoingia mwaka 2020 hoteli ikafungwa ghorofa kwa ghorofa, na sisi tukapunguzwa. Wiki moja ya Aprili mwaka huo zaidi ya watu milioni 6 waliomba mafao nchi nzima, kazi ambayo mifumo ile haikuwahi kuandaliwa kuibeba. Gavana wa New Jersey wa wakati huo, Phil Murphy, alisimama hadharani kuomba watu wa kujitolea wanaojua COBOL, lugha ya kompyuta iliyobuniwa mwaka 1959, kwa sababu mitambo ya jimbo lake bado iliendeshwa kwayo. Nilipata malipo ya mwanzo bila shida, na ninakiri kwa shukrani kwamba yalitulisha.

Kisha ikaja notisi. Ilisema nimelipwa zaidi ya haki yangu, kwamba nilificha mapato, na kwamba fedha zinatakiwa zirudi. Chanzo chake kilikuwa hiki: fomu ya kila wiki inakuuliza umefanya kazi saa ngapi wiki hiyo na umechuma kiasi gani. Nami nilikuwa najaza sifuri, kwa sababu sikuwa kazini. Mwajiri naye alikuwa ametoa mshahara wa mwisho pamoja na fedha za likizo nilizokuwa nimelimbikiza, akaziingiza kwa tarehe ya kulipa, wiki ambayo mimi nilikuwa nyumbani tayari. Kompyuta ikaona sifuri yangu upande mmoja na dola za mwajiri upande wa pili, ikahitimisha kwamba nadanganya.

Rufaa niliipeleka ndani ya muda, kwa faksi, karatasi ya uthibitisho ninayo hadi leo. Baada ya hapo akaunti yangu iliandika neno moja tu, "inashughulikiwa", na neno hilo likakaa majira ya joto yakaisha, majani yakapukutika, theluji ikashika. Kituo cha simu kikipokea, mhudumu anaona kile kile ninachokiona mimi. Wakati huo huo upande wa kudai haukusimama: marejesho yangu ya kodi yalichukuliwa kufidia deni ambalo bado lilikuwa linabishaniwa. Nyumbani Tanga walikuwa wanangoja hela ya dawa za mama, na kaka yangu aliposikia kwamba serikali inanidai kwa udanganyifu alinyamaza kidogo kwenye simu, akauliza kwa upole kama kuna jambo sijawaambia. Hilo nalo ni gharama, na hakuna jaji anayeweza kuirudisha.

Siku ya kusikilizwa ilipofika, shauri lilifanyika kwa simu. Jaji alikuwa mtu wa heshima. Alimuuliza mwakilishi wa mwajiri maswali mawili: fedha hizi ni za kazi ya tarehe zipi, na zililipwa lini. Mwakilishi akasoma kwenye kumbukumbu zao. Chini ya nusu saa kila kitu kilikuwa wazi. Nilikata simu nikiwa nimeshinda, nikajikuta nina hasira kuliko nilivyokuwa nikiwa naogopa. Maswali mawili! Mtu yeyote mwenye simu na faili langu angeweza kuyauliza wiki ile ile ya kwanza.

Nikaanza kusoma. Nilitaka kujua kama ni bahati yangu mbaya au ndivyo mambo yalivyo. Mfano unaofundisha kuliko yote niliyoisoma ni wa Michigan, na umetangulia Korona kwa miaka mingi.

Oktoba 2013, idara ya bima ya ukosefu wa ajira ya Michigan iliwasha mfumo mpya ulioitwa MiDAS, uliogharimu takriban dola milioni 47. Mfumo ulipewa kazi ya kusaka udanganyifu, na kwa kiasi kikubwa ukapewa pia kazi ya kuhukumu. Ulilinganisha maelezo ya mwombaji na taarifa za mshahara ambazo mwajiri hupeleka kila robo mwaka. Tatizo ni kwamba mwajiri hasemi wiki gani ulichuma nini. Anasema jumla ya miezi mitatu. Kwa hiyo kompyuta iliichukua jumla ile na kuigawa sawasawa kwa wiki 13. Tuseme ulifanya kazi Januari na Februari, ukapata dola 7,800, ukaachishwa mwanzoni mwa Machi. Ukigawa kwa 13 unapata dola 600 kila wiki, wiki za Machi zikiwemo. Wewe Machi uliandika sifuri, na ni kweli ilikuwa sifuri. Mfumo unaona dola 600 ulizoficha.

Hapo mfumo ulikutumia maswali. Mengine yalipelekwa kwenye akaunti za mtandaoni za watu ambao walishapata kazi zamani na hawakuwa na sababu ya kuzifungua tena, maana mfumo ulirudi nyuma hadi miaka sita. Ulipewa siku 10 kujibu. Usipojibu, ukimya wako ulihesabiwa kuwa ni kukiri, na adhabu ilikuwa mara nne ya kiasi kinachodaiwa, pamoja na riba ya asilimia 12. Deni la dola 1,000 likawa 5,000 kabla riba haijaanza kuzaa. Mishahara ikakatwa, marejesho ya kodi yakazuiwa, wapo waliofilisika mahakamani. Idara yenyewe wakati huo ilikuwa imepunguza mamia ya wafanyakazi, kwa hiyo aliyepiga simu kujitetea mara nyingi hakupokewa.

Watu wapatao 40,000 walituhumiwa. Baadaye, kesi zaidi ya 22,000 ambazo kompyuta iliziamua peke yake zilipopitiwa na binadamu, asilimia 93 ziligundulika kuwa hazikuwa na udanganyifu. Kesi 93 katika kila 100. Ofisi ya binadamu ingeendeshwa kwa kiwango hicho ingefungwa wiki ya kwanza. MiDAS iliachwa iamue peke yake kwa karibu miaka miwili.

Nikirudi kwenye suala la siku, sehemu ya hadithi hii ambayo watu huiruka ndiyo iliyonifungua macho. Mwaka 2015 baadhi ya walioumizwa walifungua kesi dhidi ya idara, ile inayojulikana kama Bauserman. Idara ilijitetea kwa kusema walalamikaji wamechelewa. Sheria ya Michigan inamtaka anayeidai serikali atoe taarifa ndani ya miezi sita, na idara ikataka miezi hiyo ihesabiwe tangu siku barua za tuhuma zilipotolewa. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo, kesi ikatupwa. Ilibidi Mahakama ya Juu ya jimbo, Aprili 2019, iseme kwamba saa inaanza kuhesabu siku mali ya mtu inapochukuliwa, si siku barua inapoandikwa. Hata hivyo, kati ya walalamikaji watatu mmoja alibaki nje, kwa sababu kwa hesabu hiyo hiyo makato yake yalikuwa yameanza mapema mno. Julai 2022 mahakama hiyo ikaamua kwamba waliovunjiwa haki zao za kikatiba wanaweza kuidai serikali fidia ya fedha, na Oktoba mwaka huo ikatangazwa suluhu ya dola milioni 20. Miaka saba tangu kufungua kesi. Idara iliyotoa siku 10 za kujibu maswali ilihitaji miaka saba kufika kwenye meza ya malipo, na katikati ya safari hiyo ikathubutu kumwambia mtu kwamba yeye ndiye aliyechelewa.

Hesabu ile ile ya kugawa ilifanywa Australia, ambako mpango uliopachikwa jina la Robodebt, kuanzia 2016 hadi 2019, ulichukua mapato ya mwaka mzima kutoka mamlaka ya kodi na kuyasambaza sawasawa kwenye vipindi vya wiki mbili mbili, ukawadai watu fedha za mafao walizostahili. Tume ya Kifalme ya uchunguzi ilitoa ripoti Julai 2023 na kuuita utaratibu wa kikatili, usio wa haki wala halali. Nchi mbili, bahari katikati, kosa moja la shule ya msingi. Wastani si ushahidi. Mvuvi aliyepata samaki kumi Jumatatu na asipate kitu siku nne zinazofuata hakula samaki wawili kila siku.

Mnaosoma mkiwa nyumbani mtaniuliza, hizi ni fedha za bure, kwa nini mtu apigane hivyo? Si za bure. Tangu sheria ya Hifadhi ya Jamii ya 1935, mfuko huu unajazwa na kodi anayolipa mwajiri kwa kila mfanyakazi, na kiwango cha kodi ya jimbo hupanda kadiri wafanyakazi wake wanavyoomba mafao. Ndiyo maana waajiri wengine hupinga madai hata yaliyo wazi. Ni bima, na aliyekatiwa ni mfanyakazi. Tanzania nayo sheria ya 2018 iliingiza fao la kukosa ajira kwenye mifuko yetu, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, na aliyewahi kwenda kaunta akaambiwa kwamba mwajiri hakuwasilisha michango yake anaijua vizuri hali ya kubebeshwa kosa la mtu mwingine pamoja na kazi ya kulithibitisha.

Tangu shauri langu liishe, watu wamekuwa wakiniletea bahasha. Wengi ni ndugu zetu kutoka Kivu, mashariki mwa Kongo, waliopita kambi za Burundi au Tanzania, waliofika hapa wakapata kazi kwenye viwanda vya nyama na maghala. Wana bidii ya kutisha. Wanachokosa ni mtu wa kuwaambia karatasi ipi ni ya haraka na ipi ni tangazo. Barua zinakuja kwa Kiingereza, na anayezisoma nyumbani ni mtoto wa darasa la saba. Nimemwona binti wa umri huo akiwa ameshika simu ya kituo cha huduma kwa saa nzima, akijifanya ni mama yake, kwa sababu mhudumu hukataa kuzungumza na mtoto.

Mama mmoja wa Uvira alisimamishwa kazi kiwandani zamu yake ilipofutwa. Aliyemjazia ombi ni mpwa wake, kwa barua pepe ya mpwa. Maswali ya uchunguzi yakapelekwa kwenye akaunti ile, mpwa ameshahamia jimbo jingine kutafuta kazi, hakuna aliyeyaona. Kilichomfikia yeye ni uamuzi: hakujibu, kwa hiyo ameacha kazi kwa hiari, kwa hiyo arudishe alichokula. Aliniwekea bahasha mezani, akakaa wima kama watu wanavyokaa mbele ya afisa wa kambi, akasema, "Mwanangu, miye sikuiba kitu ya mutu." Nikamwambia najua, mama. Akasema tena.

Wa kumtuhumu hakuwepo. Hilo ndilo gumu kumweleza mtu aliyezoea kwamba ukionewa, kuna aliyekuonea, na unaweza kumwendea na wazee mkakaa mkaongea. Kiwanda hakikusema aliacha kazi. Kilisema zamu imefutwa. Hakuna binadamu hata mmoja, kuanzia mwanzo hadi mwisho, aliyewahi kusema kwamba mama huyu ameacha kazi. Sentensi hiyo ilizaliwa na ukimya, na ukimya ulizaliwa na barua pepe isiyo yake.

Siku za rufaa zilikuwa zimepita. Tuliandika maelezo ya sababu ya msingi, tukaambatanisha barua ya kiwanda, tukaomba mkalimani wa Kiswahili. Naomba nisimame hapa kidogo, kwa sababu wengi hawajui: mkalimani katika usikilizwaji ni haki na hulipii. Msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, na mwaka 2015 Idara ya Kazi ya Marekani iliyakumbusha majimbo kwa waraka kwamba lugha haiwezi kuwa kizuizi cha mafao. Sema unatoka Kongo, uombe mtu anayeelewa Kiswahili cha kwenu, na kama siku ya shauri humwelewi mkalimani, sema papo hapo ili iingie kwenye kumbukumbu. Usiitikie tu kwa adabu. Adabu yetu imewagharimu watu wengi.

Jambo jingine ambalo ningelibandika kwenye mlango wa kila msikiti na kanisa: endelea kuripoti kila wiki, au kila wiki mbili kama jimbo lako ndivyo linavyotaka, hata baada ya kunyimwa, hata kama skrini inasema hulipwi. Ukishinda, utalipwa wiki ulizoripoti. Ambazo hukuripoti, uko hatarini kuzikosa kabisa. Nimewaona watu walioshinda shauri na wakapata theluthi ya haki yao kwa sababu walikata tamaa wakaacha kuripoti. Tunza bahasha yenye muhuri wa posta pamoja na barua. Piga picha ya skrini kila unapotuma kitu. Na ukiona fomu ya kuomba kusamehewa deni, ijaze ukitaka, lakini ujue kwamba hiyo siyo rufaa na kwa kawaida haisimamishi siku za rufaa. Ni milango miwili tofauti, na wa rufaa ndio unaofungwa mapema.

Kuna waliowahi kuniambia nisiwatie watu uchungu dhidi ya ofisi, kwani wafanyakazi wake nao wamelemewa. Nakubali wamelemewa. Mhudumu mmoja wa simu alinisaidia kwa moyo ambao sitausahau. Lakini kulemewa kwa ofisi kuna maelezo yanayokubalika, kulemewa kwa mwombaji hakuna. Mtu akichelewa siku moja kwa sababu alikuwa hospitalini ataulizwa karatasi za hospitali. Ofisi ikichelewa miezi, inatosha kusema kuna msongamano.

Na si kweli kwamba sheria ya nchi hii haijui habari ya muda. Inaijua. Kanuni za serikali kuu zinataka majimbo yaamue asilimia 60 ya rufaa za ngazi ya kwanza ndani ya siku 30, na asilimia 80 ndani ya siku 45. Wakati wa Korona majimbo mengi hayakukaribia hata kidogo. Lakini hebu tazama namna kipimo chenyewe kilivyokaa: ni wastani wa jimbo. Wewe uliyesubiri miezi umo ndani ya asilimia, huna pa kwenda na karatasi yako ukasema siku ya 46 imefika, nilipeni. Jimbo linaandikiwa barua na Washington, wewe unaandikiwa na mwenye nyumba.

Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua shauri la Java, kutoka California. Huko, mtu akishakubaliwa mafao, mwajiri akikata rufaa tu malipo yalisimama mpaka rufaa iamuliwe. Mahakama ilikataa. Ilisema sheria ya 1935 inataka mafao yalipwe yanapostahili kulipwa, na lengo lake ni kumpa mtu fedha wakati hana mshahara, si baadaye. Nimeisoma hukumu hiyo kwa shida, na kamusi pembeni, na nimeona kwamba majaji walielewa kitu ambacho watengenezaji wa mifumo hawakukielewa: chakula cha mwezi wa tatu hakiliwi mwezi wa kumi.

Ninachotaka ni hatua moja tu mbele ya hapo. Ofisi ikipitisha siku 45 bila kuamua, mwombaji aliyekwisha kukubaliwa mwanzoni aendelee kulipwa mpaka waamue, na asidaiwe akishindwa, isipokuwa jaji aseme alidanganya kwa makusudi. Na kudai deni lolote, kukata mshahara, kuchukua marejesho ya kodi, kusimame kabisa rufaa ikiwa haijasikilizwa. Baadhi ya majimbo yana vipande vya utaratibu huu kwenye sheria zao. Lisiwe suala la bahati ya jimbo uliloshukia kutoka kwenye ndege.

Mama wa Uvira alikubaliwa sababu yake ya kuchelewa, akasikilizwa, akashinda. Mkalimani alikuwa mwanamke wa Bukavu, na mama aliongea naye kama jirani. Hukumu inasema hakuacha kazi na hadaiwi. Mfumo bado unaonyesha deni, kwa sababu uamuzi wa jaji unatakiwa uingizwe kwa mkono na mtu wa idara nyingine, na mtu huyo hana tarehe. Tumeandika kwa ofisi ya mbunge wa jimbo anayewakilisha mtaa wetu. Ofisi hizo huwa na mfanyakazi wa kushughulikia malalamiko ya wananchi, na ana namba ya ndani ya idara ambayo sisi hatuna. Imewasaidia wengine niliowasindikiza. Andika jina, namba ya shauri, tarehe ya hukumu, na ombi moja lililo wazi: hukumu itekelezwe. Barua ya mama imekwenda na nakala ya hukumu, na wiki ijayo tunapiga simu kuuliza nani ameipokea.